Kilomita 70 na Godoro Moja

Kwenye ramani, kutoka Bukoba mjini hadi Muleba ni kilomita 70 hivi, na lami ipo. Ila ramani haioneshi mashangazi. Haioneshi wakwe wanaokaa mita mia tatu kutoka barabarani, wala kaburi la babu ambalo ukilipita bila kusimama utasemwa hadi Pasaka. Mtu akikwambia kwamba atatoka Bukoba asubuhi, azungukie vivutio vyote vya njiani, aione Muleba na arudi nyumbani kabla ya giza, mwulize jambo moja tu: ana ndugu huko au hana? Kama hana, atawahi. Kama anao, mwambie abebe nguo za kulalia.

Kaka yangu, mtoto wa Baba Mkubwa, anao ndugu wa kujaza basi, lakini amekaa Stockholm miaka mingi hadi hesabu yao imempotea. Kule anaendesha treni za chini ya ardhi, kazi ambayo ukichelewa dakika nne abiria wanaandika malalamiko. Alikuja likizo ya Krismasi, kama wafanyavyo Wahaya wengi wa mbali, na hata mabegi hayajafunguliwa akatutangazia kwamba ametuandalia ziara. Yeye na familia yake, akasema, waliwahi kutoka Stockholm kwa gari kwenda Uppsala, mji wa kale wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1477. Kilomita 70, vilevile. Walipanda vilima vya makaburi ya wafalme wa zamani pale Gamla Uppsala, wakaingia kanisa kuu wakaona kaburi la Mfalme Gustav Vasa, wakala chakula cha mchana, na saa kumi jioni walikuwa kwao wanakunywa kahawa.

"Kilomita 70 ni kilomita 70," alisema. "Iwe Uppsala, iwe Muleba."

Baba Mdogo, mwalimu mstaafu na nshomile (msomi wa Kihaya mwenye kujivunia usomi wake) wa daraja la kwanza, alimtazama kwa juu ya miwani, akanyamaza. Ukimwona Baba Mdogo amenyamaza, ujue amepata cha kuchekea wiki nzima.

Ratiba ilichapishwa. Kila mmoja wetu alipewa nakala yake, imewekwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Kuondoka saa 2:00 asubuhi. Katuruka, dakika 40. Kanazi, dakika 30. Bandari ya Kemondo, dakika 20. Chakula cha mchana Kamachumu, saa 6:30. Kisha Rubya, kisha Muleba mjini, kisha kugeuza. Chini kabisa, kwa herufi za mlazo, aliandika: "Dakika 10 za dharura." Dakika 10, kwa mkoa mzima wa Kagera, mwezi wa Desemba!

Saa mbili kamili Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mkoba mgongoni, kofia kichwani, chupa ya maji mkononi. Gari, Noah ya kukodi, lilifika saa tatu na robo. Dereva alieleza kwamba alikuwa njiani tangu saa moja, na kijana hakusema uongo. Alikuwa njiani, ila kwenda kwingine.

Kwenye kiti cha mbele tulimkuta Shangazi amekwisha kukaa na mkanda amefunga. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amesikia kwamba kuna gari linakwenda upande wa Muleba, na kwa desturi zetu gari likienda mahali linakwenda kwa niaba ya ukoo mzima. Alikuwa na ndoo ya dagaa, mfuko wa sukari, na godoro la inchi sita la mjukuu wake wa Kamachumu anayejiandaa kuoa. Godoro lilikuwa limefungwa juu ya paa kwa kamba ya katani, fundo la kike, la kutofunguka.

"Shangazi, godoro halimo kwenye ratiba," Kaka alisema kwa heshima zote.

"Hata wewe hukuwemo kwenye ratiba ya mama yako, na tukakulea," Shangazi alijibu, akavuta mlango.

Tukadhani sasa tunaondoka. Baba Mdogo akakataa. Alisema mtu haendi kuangalia mambo ya kale ya vijijini wakati ya mjini hajayaona, akamwelekeza dereva ufukweni. Hapo, tukiwa tumelikabili ziwa na kisiwa cha Musira kikiwa mbele yetu, akaanza somo. Kisiwa kile, alisema, enzi za wakama, watawala wetu wa jadi, ndiko walikopelekwa wakosaji, na alipokuwa anasema hivyo alimtazama Kaka na ratiba yake.

Halafu akaingia kwa Emin Pasha. Mji wa Bukoba, kwa habari ya mikasa, umeirithi kutoka kwa mwanzilishi wake. Emin Pasha alikuwa daktari aliyezaliwa Silesia kwa jina la Eduard Schnitzer, akafanya kazi kwa Waturuki, kisha akawa gavana wa jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudan, kwa niaba ya Misri. Wafuasi wa Mahdi walipomkatia njia, Henry Morton Stanley alitumwa kwenda kumwokoa, safari iliyomaliza wapagazi na askari wengi. Desemba 1889 wakafika Bagamoyo. Wajerumani wakawafanyia karamu kubwa. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu mno, akatoka nje ya dirisha la ghorofani badala ya mlango, akaanguka, akapasuka kichwa, akalazwa hospitali majuma kadhaa. Alipopata nafuu Wajerumani wakamwajiri, akaja huku, na mwaka 1890 akaanzisha kituo cha Bukoba.

"Kwa hiyo," Baba Mdogo alihitimisha, "mji huu umeanzishwa na mtu ambaye Mahdi hakumweza, akaja kuangushwa na karamu. Wanangu, jihadharini na karamu."

Kaka alitazama saa. Angetazama usoni mwa Baba Mdogo angeona kwamba lile lilikuwa onyo.

Kutoka ufukweni Shangazi alisema hawezi kutoka mjini bila kumsalimia Kadinali. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 upande huo huo wa Muleba tuliokuwa tunakwenda, ndiye Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kadinali. Papa Yohane wa XXIII alimteua mwaka 1960, na tangu 2012 Rugambwa amelala ndani ya kanisa kuu la Bukoba. Kaka akakubali haraka, maana kwa hesabu zake kaburi ni dakika tano: hata Gustav Vasa, mfalme mzima, walimaliza kumwangalia kwa dakika tano. Lakini Gustav Vasa hana shangazi yetu. Shangazi alisali rozari yote, akaongeza litania, kisha akaanza kutaja wanaukoo mmoja mmoja, wazima na marehemu, pamoja na magonjwa yao. Alipofika kwa Kaka alipandisha sauti kidogo ili na mhusika asikie: aliomba apunguziwe haraka.

Tulipopita Rwamishenye vita vya dini vilikuwa vimeshaanza garini. Ukoo wetu umegawanyika tangu enzi za wamisionari, nusu Wakatoliki, nusu Walutheri, na amani huwa inadumu mpaka atajwe Rugambwa. Shangazi akamtaja. Baba Mdogo, Mlutheri, akajibu kwa Josiah Kibira: askofu tangu 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

"Rugambwa alimchagua Papa," Shangazi akasema.

"Kibira aliwaongoza Walutheri wa dunia nzima," Baba Mdogo akasema, "na hao Waswidi wa mwanao wakiwemo."

Kaka akaombwa kuamua kesi, kwa sababu anaishi Uswidi, na askofu aliyemtangulia Kibira hapa Buhaya, Bengt Sundkler, alikuwa Mswidi, profesa wa kule kule Uppsala. Akajibu kwamba yeye huko haendi kanisani sana. Kwa mara ya kwanza siku ile Baba Mdogo na Shangazi wakawa kitu kimoja, na mahubiri yaliyofuata yalitutoa Rwamishenye hadi njia ya Maruku bila kituo.

Kuelekea Katuruka tuliacha lami. Baba Mdogo, anayeijua njia tangu utoto, alisema tupite kulia. Simu ya Kaka ikasema kushoto. Kaka akasema simu inaongea na satelaiti. Baba Mdogo akajibu kwamba yeye hajawahi kuongea na satelaiti, ila amewahi kufundisha shule ya pale. Tukafuata satelaiti. Njia ikawa nyembamba, ikawa ya baiskeli, ikawa ya mbuzi, na simu ikatangaza kwa furaha kwamba tumefika. Tulikuwa katikati ya kibanja cha mtu. Mbele yetu mgomba, nyuma yetu mgomba, kushoto mibuni, na kulia akatokea mzee mwenye panga, anatabasamu.

Kwingine mtu akikuta Noah imeegeshwa jikoni kwake huita mgambo. Mzee aliuliza kwanza ukoo. Baba Mdogo akataja. Mzee akataja wake. Wakaenda juu kizazi kimoja, kingine, kingine, wakavuka mto Ngono wakarudi, mpaka wakagundua kwamba wana mwiko mmoja wa ukoo, yaani mnyama yule yule ambaye hawamli. Basi. Panga likawekwa chini, viti vikatoka, kikapu cha kahawa za kutafuna kikaletwa na lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa. Kaka akanong'ona kwamba tuna dakika 10 za dharura. Mzee akamsikia, akacheka hadi akajishika mbavu, akamwita mkewe aje amsikie naye.

Kahawa ya kwetu ya kutafuna ni robusta, inachemshwa ikiwa na ganda pamoja na majani ya kunukia, kisha inakaushwa. Mgeni hupewa punje chache, atafune polepole huku akisimulia habari za alikotoka. Kaka, kwa ile hasira ya kimyakimya, alitafuna nusu ya kikapu. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya kahawa wanayokunywa huko Stockholm, na haikuchukua muda akaanza kuongea kwa kasi, akitembea huku na huko kati ya migomba, akitueleza mfumo wa reli za Uswidi ambao hakuna aliyeuuliza. Mzee alimsikiliza kwa huruma. "Huyu mtoto," alimwambia Baba Mdogo, "mmemtoa nchi za watu bado mapema."

Mwisho mzee mwenyewe ndiye aliyetupeleka Katuruka, na mkungu wa ndizi ukiwa umeshapakiwa kwenye buti. Na niseme kweli: pale hata dereva alizima redio. Wazee wa Katuruka walikuwa wakisimulia habari za mti wa Kaiija na wafua chuma wa kale, na mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alikuwa na busara ya kuwasikiliza kabla ya kuchimba. Alipochimba alikuta mabaki ya uyeyushaji chuma wa miaka kama 2000 iliyopita. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa huku walikuwa wakiipasha hewa moto ndani ya tanuri, wakapata joto kali na chuma kigumu chenye kaboni. Baba Mdogo alilieleza hilo kwa unyenyekevu mwingi, akikumbusha mara kwa mara kwamba wakati huo Ulaya ilikuwa bado inajitafuta.

Hadithi anayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya mkama Rugomora Mahe. Simulizi zinasema aliwaagiza mafundi wake wajenge mnara wa chuma uende juu hadi mbinguni akaone kuna nini. Mnara ukapanda, ukapanda, ukaanguka. Hapo Baba Mdogo akakumbuka mnara mwingine: Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakaivamia Bukoba, wakaubomoa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Kaka akainua simu yake amtumie mkewe picha. Mtandao ukakatika.

"Mkoa huu na minara hatupatani," Baba Mdogo akasema.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Kwa ratiba tulipaswa kuwa Kamachumu, tumeshakula, tunafuta midomo. Kaka aliamua kwamba Kanazi, makao ya Mkama Kahigi wa Kianja, yule aliyeelewana na Wajerumani mpaka akawazidi wakama wenzake kwa nguvu, tutaiangalia tukiwa tunatembea. Tukapita. Kaka akapiga picha kupitia dirishani. Baadaye tulipoikuza tuliona sikio la Baba Mdogo na mgomba. Shangazi alimfariji kwamba yeye Kanazi anaiona tangu utoto na haijawahi kuhama.

Kemondo mvua ikatukuta. Asiyeijua mvua ya ukanda huu wa Ziwa Viktoria asidhani nazungumzia manyunyu. Bandari tuliyokuwa tuikague kwa dakika 20 haikuonekana hata kwa dakika moja. Tuliona maji mbele, na maji kushoto, na Kaka akasema anaamini bandari imo humo. Wala mvua haikuwa balaa. Balaa lilikuwa godoro. Kutoka Kemondo hadi Muhutwe godoro lilikunywa bila kupumua, na dereva akaanza kulalamika kwamba gari limekuwa zito. Akikanyaga breki, maji yote yaliyomo godoroni yanakuja mbele na kumwagika kwenye kioo chake. Akiongeza mwendo, yanarudi nyuma, yanaingia kwenye mwanya wa dirisha la paa na kumdondokea Kaka shingoni. Alijaribu kukwepa kwa kuhamia kiti kingine, lakini kiti hicho kilikuwa na ndoo ya dagaa, na dagaa nao walikuwa na haki yao ya kusafiri kavu. Shangazi alilisimamia hilo.

Kutoka Muhutwe ukiitafuta Kamachumu unapanda. Noah ikapanda nusu, ikatoa mvuke, ikasimama. Mvua ilikuwa imekatika. Dereva akafungua boneti, akatangaza kwamba rejeta imekauka. Tukawa mlimani, watu watano tuliotoka kupigwa na mvua ya saa nzima, hatuna tone la maji: chupa ya Kaka iliishia kwenye kahawa za kutafuna, na kisima kiko bondeni. Ni Shangazi aliyeinua macho akatazama juu ya paa.

Fundo lake lilikatwa kwa kisu. Tukalishusha godoro wote watano, maana mmoja asingeliweza, tukalishika kona nne juu ya ndoo, dagaa wakiwa wamehamishiwa kwenye kofia ya Kaka, tukalikamua. Ndoo ikajaa, rejeta ikashiba, yakabaki na ya akiba. Dereva, kijana aliyefika kwetu na saa moja na robo za kuchelewa, alituhakikishia kwamba miaka yote ya kazi yake hajawahi kubeba abiria waliojiandaa namna ile.

Tukisubiri injini ipoe tulikaa ukingoni mwa barabara. Chini yetu ziwa lote lilikuwa wazi, visiwa vyake vimejipanga, migomba imeshuka mlima hadi majini. Kaka alikaa pale muda mrefu kuliko kituo chochote cha ratiba, na ratiba yenyewe alikuwa ameikalia.

Kamachumu tulifika saa kumi na nusu. Mjukuu wa Shangazi alitoka mbio kutupokea, akashukuru sana, akalitazama godoro lililokuwa bado linachuruzika, akalipima kwa vidole, akasema kwa upole: "Bibi, mchumba alisema inchi nane." Shangazi alimjibu kwamba yeye na marehemu mumewe walianza kwa majani ya mgomba, na watoto walipatikana. Godoro likaanikwa juu ya ua wa miti.

Halafu chakula. Kaka alisema tutaonja tu. Wenyeji wakaitikia kwamba ndiyo, mtaonja tu, wakaleta matoke ya maharage, matoke ya nyama, sato wa mchuzi, mchicha, na baada ya hapo wakaleta chakula chenyewe. Shibe ilipomlegeza, Kaka akakumbuka kwamba ndani ya kanisa lile la Uppsala amezikwa pia Carl Linnaeus, bingwa aliyeipa mimea ya dunia majina ya kitaalamu, na mgomba ukiwamo: mwaka 1753 aliuita Musa paradisiaca. Alianza kuupenda alipouona ukitoa ua kwenye nyumba ya vioo ya tajiri mmoja wa Uholanzi, na mwaka 1736 akauandikia kitabu.

"Mgomba mmoja?" Baba Mdogo aliuliza.

"Mmoja."

"Kitabu kizima?"

"Kizima."

Baba Mdogo aliweka kijiko chini. Alituonesha kwa mkono kibanja kilichotuzunguka: migomba ya kupika, ya kuchoma, ya kuivisha, ya pombe, baba kwa mwana, na hakuna mtu wa Uppsala aliyewahi kuomba hata utangulizi. Mwenyeji akauliza bwana yule angefika Kamachumu angeandika nini. Shangazi akasema asingeandika, angekula.

Kaka akaongeza, bila kujua anachokoroga, kwamba Linnaeus alifikia hata kuwaza kuwa huenda lile tunda la bustani ya Edeni lilikuwa ndizi. Ukimya ukaingia, watu wakaangaliana. Shangazi ndiye aliyelitamka: "Kwa hiyo Eva alikuwa Mhaya."

"Hilo," Baba Mdogo alisema akijifuta mdomo, "mimi nilikuwa nalijua siku nyingi."

Tulipoondoka Kamachumu jua lilikuwa limezama. Buti lilikuwa na mikungu, parachichi, kahawa mbichi na kuku wawili waliofungwa miguu, na nafasi ya godoro pale juu ilikuwa imeshachukuliwa na kitanda kibovu ambacho mjukuu aliomba tukifikishe kwa fundi Muleba. Rubya, kwenye seminari aliyosoma Rugambwa, haikutajwa tena. Shangazi alijaribu kuitaja. Baba Mdogo akajifanya amelala.

Tukiikaribia Muleba Kaka aliona mwanga mkubwa pembeni ya barabara, taa kali zimeelekezwa angani na watu wamejaa. Akachangamka. Akasema angalau mji huu una tamasha la Krismasi, akashusha kioo achungulie. Hakuwa amekumbuka ni msimu gani. Ni mitego ya senene, panzi wetu wa kuliwa: taa zinawavuta, mabati yanawatelezesha, madebe yanawapokea. Noah nayo ilikuwa inakuja na taa zake zote mbili, kioo kimoja kikiwa wazi, na senene waliokosa madebe wakatuona sisi. Waliingia kwa mamia. Kuku wakafungua midomo wakidhani wamekufa wakaamkia peponi. Kaka alikuwa anapandisha kioo, na kioo kilikuwa kimegoma, huku akipiga kelele kwa lugha ambayo nadhani ni Kiswidi.

Shangazi peke yake ndiye aliyetulia. Alivua kitenge cha juu, akakitandaza, na kwa mikono iliyozaliwa na kazi hiyo akawa anawadaka, anawang'oa mabawa na miguu, anawatupia ndooni na dagaa. Zamani, alituambia bila kuinua kichwa, mwanamke wa Kihaya alikamata senene, akawasafisha, akawakaanga, akamtengea mume, na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kula. "Mama yangu aliwakamata maisha yake yote. Mimi nakula na deni lake." Kufikia Muleba mjini ndoo ilikuwa imejaa.

Muleba, basi, tuliiona hivi: taa za maduka, bodaboda wawili wanabishana, na kibao cha barabarani ambacho Kaka alikipiga picha kwa mwanga wa simu ili awe na ushahidi. Hatukurudi Bukoba usiku ule. Kulikuwa na binamu wa Baba Mdogo aliyepata habari kwamba tupo, na baada ya hapo hakuna Noah duniani ambayo ingetupitisha. Alikuwa ameshapika.

Sasa Kaka amerudi kwenye treni zake, na nasikia huko anawasifia wenzake ziara ile kwa sauti kubwa, hasa sehemu ya kukamua godoro, ambayo katika simulizi yake imekuwa wazo lake. Uhaya haujamtoka.

Nawe msomaji, ukitaka kufanya safari hii, ifanye. Katuruka ipo, Kanazi ipo, kanisa kuu lipo, na mandhari ya Kamachumu hayauzwi tiketi. Njoo kati ya Juni na Agosti kama huipendi mvua, au Novemba na Desemba kama unawapenda senene. Acha buti tupu, maana litarudi limejaa. Kwenye ratiba usiandike saa, andika majina ya watu, na uanze na wakubwa. Ukipewa kahawa, tafuna punje chache tu. Wala usipange siku moja: siku moja Kagera inatosha kusalimiana tu.